Damu ya Kupeleka Homa Bay

Daktari wa Homa Bay alitaka kupima damu ya mama kabla ya kumwongezea dawa ya pili ya ugonjwa wa Parkinson. Dawa hiyo, alisema, hutolewa mwilini na figo. Figo zikiwa zimechoka, hampi. Nikarudi Migori na hofu nzito kuliko fahali wawili. Mkono wa kulia wa mama ulikuwa ukitetemeka mpaka kuku wa mtaa mzima wanakuja mbio, wakidhani anawarushia mahindi. Yeye aliyekuwa akitoka ufuoni Sori na karai la omena, dagaa wa ziwani, kichwani bila kulishika, sasa tulikuwa tukimnywesha chai kama ndama.

Kwetu damu haitolewi hivi hivi. Inaandaliwa. Mdogo wake mama alipopata habari, alifika kutoka Muhuru Bay na omena ya kulisha jeshi.

"Mtu anaenda kutolewa damu, na nyinyi mnampa sukuma wiki?"

"Mama mdogo, wanachukua kidogo tu."

"Hata kama ni kidogo, iende ikiwa imeshiba. Isituaibishe mbele ya watu wa Homa Bay."

Mimi, ambaye cheti changu cha shule ya usiku kiko ukutani na biolojia niliongoza darasa zima (tulikuwa wanne), niliona hoja ina nguvu. Nikaenda buchari kununua maini.

Kila siku mama alikula maini asubuhi, omena mchana, supu ya mifupa jioni, na vidonge vyake akivimeza katikati ya minofu. Kabla ya siku ya kipimo, mwili ulikuwa umekakamaa kama mti. Alifika mlangoni akasimama, nyayo zimegandamana na sakafu.

"Miguu imekataa," akasema polepole.

Nilidhani ugonjwa umeruka ngazi zote kwa mpigo. Mama mdogo akasema tuongeze supu.

Asubuhi ya kipimo hakula kitu, kama tulivyoagizwa. Majibu yalipotoka, daktari aliyatazama muda ambao ungetosha kuchemsha maharagwe.

"Yurea, taka inayotolewa na figo, iko juu," akasema. "Asidi ya yuriki nayo iko juu, na wengi wenye ugonjwa huu huwa nayo chini kidogo."

Nilishamwona mama kwenye mashine ya kusafisha damu.

"Ni mbaya?" mama akauliza. Mimi nikaangalia dirisha.

"Mama, umekuwa ukila nini?"

Mama mdogo akajibu kwa niaba ya ukoo. "Daktari, huyu amekula! Maini, omena, mifupa. Hiyo damu unayoona ni kazi yangu."

Daktari akaweka kalamu chini, mdomo ukimcheza. Akatueleza kwamba vyakula hivyo vinaweza kupandisha vyote viwili. "Hata miguu huenda ni hiyo hiyo. Kidonge chake na nyama hupitia mlango mmoja tumboni. Mmejaza nyama mlangoni, kidonge kimebaki nje." Ale ugali na mboga, nyama kidogo tu jioni, mbali na dawa, turudi baada ya wiki.

Wiki ile ilikuwa ndefu kuliko barabara ya Kendu Bay enzi za matope. Miguu ililegea, ndiyo, lakini kila nilipomwona akitafuna mboga nilijiuliza: na kama si chakula? Mama mdogo alinung'unika kwamba safari hii damu inaenda uchi.

Ilienda uchi, ikarudi salama. Figo zote nzima. Dawa ya pili akaandikiwa. Nilipiga kelele wagonjwa wote wakageuka, kisha hofu ikanikumbusha swali lililobaki.

"Na damu inasema ugonjwa umefika wapi?"

"Hilo haisemi," daktari akajibu. "Hilo tunalitazama kwenye mwendo wake, na mikono."

Nyumbani mama alidai chai. Nilimimina nusu kikombe, nikakinyanyua nimpelekee mdomoni.

"Damu yenyewe haijui nimefika wapi," akasema. "Wewe umejulia wapi? Weka chini. Jaza."

Nikajaza. Akakishika kwa mikono miwili. Chai ikapanda ukingo huu, ikashuka, ikapanda ule, ikamwagika kidogo kwenye kidole gumba. Mama mdogo aliacha kutafuna. Mimi niliacha kupumua, na sikuanza tena mpaka kikombe kilipogusa mdomo.