Kwetu Rumonge

Nilifika Rumonge nikiwa na miaka ishirini hivi, mke wa seremala, mtoto mgongoni na miguu imevimba. Tulitoka Bagamoyo na msafara wa wafanyabiashara, tukapumzika Tabora, tukashuka Ujiji, na kutoka hapo tukapanda mtumbwi siku nne tukiambaa na ufuko kwenda kaskazini. Mume wangu alikuwa ameambiwa kwamba Wajerumani wa Usumbura wanatafuta mafundi wa milango na mapaa, na kwamba Rumonge wako Waislamu wenzetu, mahali mtu anaweza kumwacha mkewe bila wasiwasi. Akatafuta nyumba ya nyasi yenye vyumba viwili, karibu na maji, akakaa nami wiki moja, akaenda. Aliahidi miezi miwili. Ikawa minane.

Kitu cha kwanza kilichonishinda ni mawese. Mimi nililelewa na nazi. Mama yangu hakupika kitu bila tui. Rumonge kila kitu kilikuwa chekundu: maharage mekundu, samaki mwekundu, hata vidole vya watu baada ya kula. Nilikula huku nimeziba pumzi. Mchana nilikaa mlangoni nikitazama ziwa na milima ya Kongo ng'ambo ya pili, nikajiambia kwamba maji yasiyo na chumvi hayanihusu.

Nyumba ya pili alikaa mwanamke wa Kirundi, mke wa mvuvi, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi. Kila asubuhi alianika ndagala, dagaa wa ziwa lile, mchangani, na kila aliponiona aliniita kwa sauti, "Mugenzi!" kisha akaendelea na maneno mengi nisiyoyaelewa. Mimi nilisikia "mgeni". Kwamba ni mgeni nilijua mwenyewe; sikuona sababu ya kukumbushwa kila siku kabla sijanawa uso. Nikaacha kumwitikia. Hakukoma. Akiniletea maji ya ndizi mbivu kwenye kibuyu, nilipokea kwa adabu, nikarudisha kibuyu kimeoshwa, bila neno.

Mvua kubwa za mwaka ule zilikuja na upepo wa ziwani, na mchana mmoja upepo ukaondoa nusu ya paa langu. Mtoto alikuwa na homa. Nilijibanza naye kwenye pembe iliyobaki kavu, nimemfunika kwa kanga zangu zote, nikawa nalia kama mtoto mwenyewe. Jirani akaingia bila hodi. Alimchukua mtoto, akamfunga mgongoni kwake, akanishika mkono, tukakimbia mpaka kwake.

Tulikaa huko siku tano. Alimnywesha mtoto uji wa mtama kidogo kidogo, akampaka kifuani mawese yaleyale niliyoyachukia, na siku ya tatu homa ikaisha. Mumewe na ndugu zake walikata nyasi, wakaniezekea nyumba upya. Neno nililolijua lilikuwa moja tu, murakoze, nikawashukuru nalo mara nyingi hata wakacheka, nami nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Ujiji.

Mume wangu aliporudi nilimweleza yote. Nikamwambia jirani yetu ni mtu mwema kweli, ila sijui kwa nini mpaka leo ananiita mgeni. Yeye alikuwa ameokota Kirundi kwa wenzake kazini. Akaniuliza neno lenyewe, nikamtamkia. Akaweka kikombe chini, akacheka.

"Hakuiti mgeni," alisema. "Mugenzi kwao ni rafiki."

Niliona haya ambayo nikiikumbuka hata sasa uso unapata joto. Miezi minane mtu ananiita rafiki, nami nampa mgongo. Asubuhi nilikwenda mchangani, nikachuchumaa kando yake, nikaanza kugeuza ndagala. Sikuwa na maneno ya kuomba radhi, basi nikamwita mugenzi. Aliitika na kunisogezea ungo.

Baada ya hapo miaka ilikwenda upesi. Alinifundisha kuchemsha chikichi, kutwanga na kukamua mafuta. Mimi nilimfundisha kusuka mikeka ya ukindu. Tuliongea lugha yetu wenyewe, nusu yake na nusu yangu. Nilizaa wawili zaidi, wote mikononi mwake.

Kisha ikaja habari kwamba mama yangu anaumwa na anataka kuniona. Wakati huo gari la moshi lilikuwa limefika Tabora. Nilisafiri na mtoto wa mwisho pamoja na familia ya wafanyabiashara, na nilipofika Bagamoyo nikamkuta mama amepata nafuu. Siku ile nilikula wali wa nazi mpaka nikashindwa kuinuka.

Wiki ya tatu dada yangu alikuwa anapika maharage, nami nimekaa naye jikoni. Nikamwambia, bila kufikiri, "Kwetu tungetia mawese."

Akageuka. "Kwetu wapi?"

Nikainama kuchochea moto. Mama alikuwa amejilaza barazani, akasikia. Nilidhani atahuzunika. Aliniita, akanikalisha kitandani pake, akanishika kiganja.

"Miaka yote hii nilidhani unalia huko," alisema. "Sasa nitalala."

Niliondoka mwezi uliofuata. Mama alinisindikiza mpaka mwisho wa mtaa, akirekebisha mbeleko ya mtoto njia nzima. Sikumwona tena. Vita vya Wajerumani na Wabelgiji vikafunga njia, na habari ya kifo chake ilinifikia Rumonge baada ya mwaka mzima.

Majirani walikaa nami msibani kana kwamba amefia pale pale. Wanawake wa mchangani waliacha ndagala, wakaja na kuni, na maji, na ndizi. Wengi walimlilia mtu wasiyemjua hata kwa sura. Jirani yangu alikaa nami kwenye mkeka, siku ya pili akaniambia, "Mama alikuwaga namna gani? Murefu ao mufupi?"

Nikamwambia alikuwa mfupi, mweusi, mwenye mwanya. Akataka kujua alivyotembea. Nikainuka nikamwonyesha.