Bata wa Cyril Mashoto

Edna Tranter alinakshi majani kwenye bunduki miaka thelathini na sita, na hakuwahi kuchonga ndege hata mmoja. Ndege walikuwa wa mumewe. Bata mwitu, kwale, hata mbwa wa kuwinda, hao wote Cyril aliwachonga kwenye chuma cha bunduki za marisau, kisha akamsukumia mkewe jiliwa lililobana chuma hicho. "Haya mama, wavishe majani, wanasikia baridi." Edna naye: "Bata wako wamenona kama wewe, majani yatatosha wapi?" Mimi nilikuwa chumba cha pili, nikisugua mafuta vitako vya mbao vya bunduki, nikiwasikia kutwa nzima mpaka nakereka. Laiti ningejua nitakavyokuja kuzitamani kelele zile.

Hapa mtaa wa bunduki, Birmingham, mchongaji hatii jina lake kwenye kazi. Jina ni la mwenye duka. Lakini Cyril alikuwa mashoto. Ile mistari myembamba ya kivuli kwenye tumbo la bata, wachongaji wote huilaza kulia, yake ililalia kushoto. Tukipita dirisha la duka lolote Edna alinibinya mkono: "Beattie, ona, yule ni wangu."

Cyril alikufa Februari, kifua kilimbana. Mwezi wa tano Bwana Pegg, msimamizi wetu, akaleta bunduki kuukuu ya kabla ya vita, akaiweka mezani kwa Edna. Nakshi ilikuwa imelika kwa kushikwashikwa, ukiipapasa kidole kinateleza tu. Edna aliigeuza mara moja akakaa chini.

"Hii tuliichonga elfu moja mia tisa thelathini na moja," akasema. "Wiki ile tuliyooana. Ndiyo ya kwanza kuwa yetu wawili."

"Basi una bahati," Bwana Pegg akasema. "Mwenyewe amefariki, kijana wake anataka ing'ae kama mpya. Tia tindo upya kote. Majani na bata."

Jamani, kuna watu Mungu aliwanyima masikio ya moyo. Kutia tindo upya ni kuingia ndani ya mstari wa zamani na kuukata zaidi. Mstari mpya unaula ule wa kwanza, haubaki hata uzi. Alikuwa anamwambia mjane amfute mumewe kwa mkono wake mwenyewe, tena anamwita mwenye bahati!

"Bata sigusi," Edna akasema.

"Hutaki, nampelekea Sid ng'ambo ya barabara."

Sid! Sid alikuwa akichonga bata utadhani kiatu. Nilitoka na brashi yangu mkononi, nikamwambia Bwana Pegg hana haya. Akanijibu nirudi kwenye vitako vyangu. Edna alikuwa ameshaichukua bunduki na kuifunga kwenye jiliwa.

"Afadhali mimi kuliko Sid," akaniambia baada ya Pegg kuondoka. "Ila kwanza nichukue nakala yake, shoga. Nibaki na kitu."

Akachanganya masizi na mafuta, akayapaka kwenye nakshi, akafuta juu mpaka rangi ikabaki ndani ya mistari peke yake. Akalaza karatasi nyepesi yenye unyevu, akaisugua kwa dole gumba polepole. Alipoibandua, wale bata watatu walitoka wote, mpaka unyoya. Nikapiga makofi. Kisha nikamwona Edna uso umembadilika.

Nakala hutoka kinyume, sisi tunalijua hilo kama tunavyojua majina yetu, na siku ile tulikuwa tumelisahau wote wawili. Kwenye karatasi mistari ililalia kulia. Ilikuwa kazi ya mchongaji yeyote wa mtaa huu.

"Si yeye," Edna akasema. "Beattie, si yeye huyu."

Hakukuwa na la kufanya. Siku tatu alikata, hata chai niliyompelekea ilipoa pale pale. Mistari aliifuata vile vile ilivyolala, lakini Cyril alikuwa na mkono mwepesi, na wa Edna ulikuwa mzito kwa uchungu. Bwana Pegg alipokuja kuichukua aliiinua juu dirishani. "Lo! Utadhani Cyril mwenyewe." Edna akavua aproni, akaitundika msumarini, akaenda zake. Hakurudi kazini tena.

Jumapili nilikwenda kwake na keki ya zabibu. Karatasi ilikuwa imebandikwa ukutani jikoni, na ukuta wa mkabala alikuwa ametundika kioo cha Cyril cha kunyolea.

"Simama pembeni hapo," akaniambia. "Angalia kwenye kioo, usiangalie karatasi."

Nikaangalia. Mistari ililalia kushoto. Walikuwa bata wa Cyril kweli, na mimi nisiyelia ovyo nililia. Edna naye akasogea kwenye kioo amwone kwa karibu, na kichwa chake kikawaziba bata wote watatu. Kioo kikabaki na uso wake tu.

"Kila siku hivi," akasema. "Nikimsogelea, namfunika mwenyewe."

Akarudi nyuma hatua mbili, akasimama hapo.