Mpiga Besi Aliyeitwa Cherehani

Kila Jumamosi saa tisa alasiri, fundi redio aligeuza kibao cha mlangoni, akasogeza ukutani redio zilizopasuliwa matumbo, akapanga viti vitano visivyofanana na kusubiri. Alikuwa mtu wa maneno machache. Vidole vyake vilikuwa virefu, vimejaa madoa ya kuungua kwa chuma cha kulehemu, na mtu akizungumza naye aliinamisha kichwa upande mmoja, kama anayetafuta stesheni. Ndiyo sababu walimwita Sikio. Lilikuwa jina la utani, lakini kwa miaka mingi lilikuwa limegeuka cheo. Wakibishana kama ngoma imechelewa au gitaa limepotea njia, mwishowe mmoja alisema, "Muulizeni Sikio," na Sikio akishasema, mjadala ulifungwa.

Hiyo ilikuwa miaka ile kabla watu hawajaanza kubeba muziki wote wa dunia mifukoni, ndani ya simu. Muziki ulifika kwa kubahatisha, ndani ya begi la mtu, na ukifika ulikaa.

Waliokuja walikuwa watatu wa kudumu. Wa kwanza alikuwa karani wa mahakama, ambaye wiki nzima alinakili hukumu za watu wengine na Jumamosi akataka kutoa zake. Wa pili alikuwa mwalimu wa hesabu, mwembamba, mwenye kuhesabu mapigo kwa kugonga goti. Wa tatu, aliyekaa karibu na mlango kama mtu asiyetaka kuhesabiwa, alikuwa mshonaji wa suruali, kaka wa mke wa fundi. Fundi na mshonaji waliitana shemeji na walitaniana kama mashemeji wanavyotaniana, ila utani wao ulikuwa umepoa siku nyingi, kama chai iliyosahauliwa dirishani.

Ubishi wao mkubwa ulikuwa mmoja. Kulikuwa na mpiga gitaa la besi, wa jazi ile iliyooana na roki, ambaye hakuna aliyemwona hata kwenye picha. Besi yake haikukaa nyuma kubeba wenzake. Ilitangulia mbele, ikaimba, ikateleza kutoka sauti moja hadi nyingine kwa sababu shingo ya gitaa lake haikuwa na vile vyuma vya kutenganisha sauti. Na ilikwenda mbio. Kwenye wimbo wa tatu kulikuwa na kipande cha nusu dakika ambacho vidole vya kawaida havikifikii. Mshonaji ndiye aliyempa jina la Cherehani, zamani hizo, akisema sindano yake hata huioni, unaona tu kitambaa kimeshonwa.

Karani alishikilia kwamba hapajazaliwa mwingine. Mwalimu alikubali kwamba Cherehani anakimbia, alichouliza ni anakimbilia wapi. Kwake, yule alikuwa mtu anayeogopa kimya, anajaza kila tundu kwa noti kama anayeziba paa linalovuja. Karani alimjibu kwamba walimu wa hesabu husikia mbili jumlisha mbili hata kwenye wimbo wa mapenzi. Wakacheka, wakarudia kaseti, wakaanza upya. Mshonaji hakuchangia. Wakimsukuma sana alisema tu kwamba Cherehani ni Cherehani, na kutazama nje.

Walijua kwa nini. Mshonaji alikuwa amepiga besi. Kwa miaka mitatu ya ujana wake alipiga kwenye bendi ya ukumbi wa hoteli, watu wakicheza bila kujua jina lake, na mchana alijifungia na kaseti ya Cherehani. Ili alingane na kaseti ile alilazimika kukaza nyuzi kupita kiasi, nazo zikakatika mara kwa mara, moja ikamchana kidevu. Nyimbo zote aliziweza isipokuwa kile kipande cha nusu dakika. Alikifukuza kwa miaka miwili. Kisha bendi kubwa iliyokuwa safarini ikapita mjini, mpiga besi wao akiwa mgonjwa, ikitafuta mtu wa kuondoka naye. Mshonaji aliitwa kwa majaribio asubuhi ya Jumatano. Hakwenda. Alimwambia dada yake kwamba hawezi kusimama mbele ya watu wanaojua muziki akijua kuna nusu dakika inayomshinda. Mwezi haukuisha, akabadilisha gitaa kwa mashine ya kutoboa matundu ya vifungo. Hayo yalipita miaka kumi na saba nyuma.

Basi mjini akahamia daktari wa meno. Alileta redio kutengenezwa siku ya Jumamosi, akakuta mjadala umewaka, akaomba kukaa. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama wanayemsema ni fulani, akataja jina la albamu.

"Huyo huyo," karani alisema.

"Ajabu. Kule nilikosoma tulimwita Mzee Pole."

Karani alimtazama kwa huruma. "Daktari, umezoea watu waliofumba macho na kufungua midomo. Hapa tunafungua masikio."

Daktari alicheka pamoja nao, lakini hakurudi nyuma. Alisema kwamba sifa ya mtu yule ni uzito, ni namna anavyoacha sauti ikomae kabla ya kuigusa nyingine. Ndiyo, kuna mahali anakwenda haraka, lakini ni haraka ya mtu anayejua anakokwenda. Wakamchezea kaseti. Daktari alikunja uso. Alisema wimbo ni ule, lakini mtu huyu ana homa. Wote wakageuka kumtazama Sikio, naye, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, akasema hajui.

Jumatatu daktari alileta santuri yenyewe, imefungwa ndani ya foronya, akaiacha dukani isafishwe kwa ajili ya Jumamosi. Jumanne adhuhuri fundi alifunga mlango, akaifuta kwa kitambaa chenye unyevu, akaiweka kwenye mashine. Alisimama. Besi iliingia nzito, chini zaidi kuliko alivyoizoea, kama mtu mnene anayeshuka ngazi bila kushika ukuta. Wimbo wa tatu ulipofika kwenye kile kipande, kila noti ilikuwa na nafasi ya kupumua. Kilikuwa kigumu. Lakini kilikuwa cha binadamu. Na alikuwa amewahi kukisikia hivyo hivyo, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya mkwe wake, kikipigwa na kijana mwenye plasta kidevuni, aliyesimama mwishoni na kulaani vidole vyake.

Fundi hakujidanganya kwamba ameshangaa. Kaseti ya kwanza iliazimwa kutoka kwa dereva wa lori kwa siku mbili tu. Fundi alikuwa na deki mbili, moja ya kuchezea na moja ya kurekodia, na ile ya kuchezea ilikuwa imevunjika kigurudumu kinachozungusha mkanda. Kwa haraka akaweka kingine kutoka kwenye deki mbovu, kinene kidogo. Mkanda ukakimbia. Alisikia kwamba umekimbia. Aliinamisha kichwa na kusikia. Lakini dereva alikuwa anasubiri, na muziki ule ulivyochangamka ulimpendeza hata yeye. Akarekodi. Dereva akaondoka na kaseti yake. Mwezi uliofuata alipata kigurudumu sahihi, lakini nakala zote za mji zilitoka kwenye ile nakala ya kwanza, na kufikia hapo watu walikuwa wameshashika vichwa kwa mshangao na kuuliza ni nani huyu. Ungewaambia nini? Akanyamaza wiki, wiki ikawa mwaka. Alipomkuta shemeji yake anakaza nyuzi hadi zinalia, maneno yalimfika kooni. Akayameza. Alijiambia kwamba kufukuza kitu kigumu kutamnoa kijana.

Mashine ya santuri ilikuwa na kitufe pembeni cha kurekebisha mwendo. Alikigusa. Akakizungusha taratibu mpaka yule mtu mnene akaanza kukimbia na Cherehani akarudi, mzima mzima. Ilikuwa rahisi hivyo. Jumamosi angekizungusha kabla hawajaingia, daktari angeonekana ana masikio mabovu, na kila mtu angerudi nyumbani na alichokuja nacho. Alikaa na wazo hilo Jumanne yote na Jumatano. Mkewe alimuuliza anaumwa wapi, akasema hapana, hakuna mahali.

Alhamisi asubuhi alikwenda kwenye kibanda cha mshonaji. Shemeji yake alikuwa amepiga magoti mbele ya mteja, anapima pindo, pini zimejaa mdomoni. Fundi alisubiri mteja aondoke. Kisha akasimulia yote, kuanzia dereva wa lori, bila kuruka kigurudumu. Mshonaji alimsikiliza huku akitoa pini mdomoni moja moja na kuzichomeka kwenye kimto cha sponji.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Siku ile ile niliporekodi."

"Na ile Jumatano ya majaribio?"

"Nilijua."

Mshonaji aliikunja suruali ya mteja, akaikunjua, akaikunja tena kwa mstari uleule. Hakupaza sauti. Fundi angefurahi kama angepaza.

"Wasimulie habari ya mashine yako," alisema mwishowe. "Mimi usinitie humo. Wakijua watanifanya kisa. Kila Jumamosi watanitazama wakiwaza ningekuwa nani. Sitaki, shemeji."

Fundi aliahidi.

Jumamosi ilipofika, daktari akiwa kwenye kiti cha tano, fundi aliweka santuri bila kugusa kitufe. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, na karani, aliyeanza kwa kucheka, akawa anachezea kifungo cha shati. Wimbo wa tatu ulipokwisha alisema santuri imepinda kwa joto. Mwalimu, aliyekuwa ameacha kugonga goti, alisema joto halishushi sauti kwa kipimo kimoja mwanzo hadi mwisho.

"Santuri ni nzima," fundi alisema. "Deki yangu ndiyo ilikuwa inakimbia siku niliyonakili. Nililijua hilo na nikanyamaza. Cherehani mnayemjua nilimtengeneza mimi."

 Halafu mjadala ukalipuka upya, maana mashabiki wakipoteza kitu hugawana kilichobaki. Karani alisema kama ni hivyo basi anampenda wa kaseti, na huyu wa santuri aende zake. Mwalimu, ambaye miaka yote alimponda, aligundua kwamba huyu mpole ndiye aliyekuwa anamtaka, akaanza kumsifu kwa hasira, kama mtu aliyenyimwa haki yake. Daktari aliona haya kwa ushindi wake. Ndipo karani, kwa mdomo wake usio na breki, akageuka mlangoni.

"Kumbe na wewe mshonaji ungemuweza huyu," alisema akicheka. "Umeshona suruali bure."

Kicheko kikamwishia mwenyewe njiani. Mshonaji alitabasamu kidogo, akasema vidole vyake vilikuwa vizito hata hivyo, asingemfikia. Alilisema vizuri, kwa sauti ya mtu anayefunga duka lake mwenyewe. Karani alishukuru kwa kupewa njia ya kutokea, na ili jambo liishe kabisa akasema kama walivyozoea, "Ni kweli, Sikio? Wewe ulimsikia enzi zile."

Fundi alitazama santuri inayozunguka bila sauti. Jibu jepesi lilikuwa tayari, na lilikuwa pia ndilo aliloahidi. Aliwaza kwamba ahadi hii inafanana mno na ule ukimya wa kwanza, kwamba yote mawili yanampumzisha yeye. Kwenye mambo ya sauti alikuwa ameulizwa na kujibu mara elfu, na lile moja lililogusa maisha ya mtu ndilo alilolimeza. Hakumtazama shemeji yake.

"Si kweli," alisema. "Alikuwa anakipiga hivi hivi. Pamoja na hii santuri, usingejua yupi ni yupi."

Hakuna aliyesema pole. Labda hilo ndilo lililookoa alasiri ile. Karani aliinamisha kichwa. Daktari, ambaye hakujua kisa chochote, aliuliza swali la mtu asiyejua: pale katikati ya kile kipande, sauti inaporuka ghafla juu, mkono unakimbilia wapi?

Mwalimu alianza kujibu kwa niaba ya mshonaji. Mshonaji akamkatiza. "Haukimbilii popote," alisema. "Mkono umetulia. Ni kidole gumba kinachoegemea." Akanyoosha mkono wa kushoto hewani, akakunja vidole kuzunguka shingo isiyokuwepo, akawaonyesha. Wakasogeza viti. Alieleza hadi jua likatoka kwenye meza na kupanda ukutani, akirudisha sindano ya santuri mwenyewe pale anapotaka, na wakati wote huo hakugeuka upande alikokuwa fundi.

Jumamosi zilizofuata alikuja kama kawaida, ila kiti chake kilihamia katikati. Hakununua gitaa, na hakuna aliyemshawishi. Nyumbani kwa dada yake alipita mchana, saa ambazo mume hayupo. Mabishano yalipokwama hawakusema tena muulizeni Sikio. Walimuuliza mshonaji, naye aliwajibu kwa kirefu, na mara nyingine akawachekesha. Fundi naye akiuliza alijibiwa, kwa ufupi na bila ubaya, kama mteja anayetaka kujua suruali yake itakuwa tayari lini.