Chungu cha Moto Kutoka Rughenda Hadi Mavivi

Nimefundisha jiografia hapa Butembo miaka mingi, na swali langu la kuwatega wanafunzi halijabadilika. Kutoka uwanja wetu wa ndege wa Rughenda hadi ule wa Mavivi, kule Beni, ni mbali kiasi gani? Wao hujibu kilomita hamsini na kitu, nami huwapa sifuri. Jibu alilipata mama yangu, ambaye hakukanyaga darasa la jiografia hata siku moja.

Dada yake mkubwa, aliyeolewa Beni, alikuwa ameugua homa, na hata ilipoisha alikataa kula. Tulimwona akikonda kwenye simu, wiki baada ya wiki, na mama akawa halali. Siku moja mama mkubwa alinong'ona: "Muniletee viazi ya kwetu Masereka, yenye inatoka ku moto ya ndugu yangu. Ya kupasha, hapana. Ikifika baridi, murudi nayo."

Mama akaapa kwamba vitafika moto. Barabara hatukuiamini siku hizo, basi tukakata tiketi za kindege kinachopitia Beni kikielekea Bunia.

"Ni dakika kumi na tano tu," nilimwambia kwa kiburi cha mwalimu.

Kumbe hizo ni dakika za ndege, si za abiria. Alfajiri mama aliipua chungu cha viazi na maharagi, akakifunika kwa majani ya migomba, akakiviringishia blanketi lake zito na kukitia kikapuni. Saa moja tulikuwa Rughenda. Saa mbili, ukungu. Saa tatu, ukungu ule ule. Mama alikumbatia kikapu, nami nikatazama saa yangu mpaka nikaichukia.

Ndege ilipotua hatimaye, tulipandishwa kwenye mizani pamoja na mizigo yetu. Mpimaji akatikisa kichwa.

"Maman, kilo zimepita. Hii kikapu itabakia."

"Kikapu hapana kubakia," mama akajibu. "Bakisha valizi."

"Mais maman, nguo zako zote ziko ndani!"

"Donc ntavaa hii yenye niko nayo."

Niliona haya, nisiseme uongo. Mama alipita kichwa juu.

Angani alifumba macho akaanza kusali. Alipofikia amina, magurudumu yalikuwa yamekwisha kugusa Mavivi. Tukarukia pikipiki mbili kuelekea Ruwenzori, mtaa wa mama mkubwa, na njia nzima nilimsikia mama akimfokea dereva wake: "Kimbia, papa, kimbia!"

Mama mkubwa alikuwa kitandani, ameelekea ukutani. Mama akafungua blanketi, akaondoa majani, na mvuke ukampanda usoni. Nilitaka kupiga kelele za furaha. Hilo ndilo jibu ninalolidai darasani: ni umbali ambao chungu cha mama hakipoi.

Mgonjwa akageuka polepole, akachukua kiazi kimoja, akakiuma.

"Uuu! Inaniunguza, weye!"

Mama akaruka juu, na gauni lake moja tu la safari, akipiga makofi. "Inamuunguza! Mumesikia? Inamuunguza!"

Mama mkubwa akala viazi vitatu. Cha nne akamnyooshea mdogo wake akipulize kwanza.