Tangazo Nililosomeshwa Studioni Kindu

Wanapobomoa studio ya zamani ya televisheni hapa Kindu, watu husimama barabarani kutazama. Mimi hupita upande wa pili. Nilisoma habari mle ndani miaka ya vita, na mpaka leo siutazami ule ukuta.

Wakati ule wenye televisheni walikuwa wachache, lakini sauti yetu ilirushwa pia kwa redio, na redio ilifika hata msituni. Kaka yangu alikuwa amekimbilia huko, ng'ambo ya mto, nyuma ya mtaa wa Alunguli, pamoja na vijana wengi wa mtaa wetu.

Asubuhi moja askari watano waliingia. Mkubwa wao aliniwekea karatasi mezani.

"Ni wewe njo unasomaka habari?"

"Ndiyo, papa."

"Soma hii. Usibadilishe hata neno moja."

Karatasi iliwaita vijana wa ng'ambo warudi mjini kuandikwa majina, ikiahidi kwamba hawataguswa. Juma lililotangulia waliitwa wengine kwa maneno hayohayo. Walirudi, wakapandishwa kwenye lori, na mama zao walikuwa bado wanawatafuta.

Nilimtazama fundi wetu wa mitambo kupitia kioo cha chumba chake. Alikuwa mzee mwenye kofia ya kufuma, mtu wa kusali swala tano. Aliinama juu ya mashine zake, hakuinua macho. Nikajua niko peke yangu.

Taa nyekundu ikawaka. Nilisoma. Kwenye televisheni ndogo ya studio niliiona sura yangu ikitamka, "Rudini, kuna usalama," na nilitamani ulimi unikatike. Askari mmoja alisimama karibu nami hata nikasikia pumzi zake. Kila sentensi nilimwona kaka yangu ameinamia redio, akisikia ni dada yake anayemwita.

Nilipomaliza, mkubwa aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Ndipo yule askari akatoa redio ndogo mfukoni, akazungusha kitufe chake. Ikakoroma tu.

"Mbona redio yangu haisemi?"

Fundi alitoka chumbani mwake polepole.

"Betri imechoka, shefu. Na hapa tuko chini ya antene, haishikaki muzuri."

Askari aliipiga redio kwa kiganja, akaiweka sikioni. Mkubwa wake alikuwa ameshafika mlangoni, akamwita. Wakaondoka.

Fundi alinisogelea.

"Maneno yako haikutoka, mama. Nilikata waya ya antene. Ilibakia humu ndani. Sasa wende, vuka mto."

"Na wewe?"

"Tukipotea wote wawili, watatufuata saa hii hii. Wende."

Nilimwacha. Nilivuka kwa mtumbwi, nimejificha kati ya mafungu ya sombe, majani ya muhogo, na siku ya tatu nikamkuta kaka yangu yuko hai.

Askari waligundua jioni ile kwamba tangazo halikusikika. Walimpiga fundi hata sikio moja likafa. Niliporudi baada ya vita nilimpigia magoti. Akacheka, akaniambia nipaze sauti, hasikii. Ameshazikwa sasa, na kaka yangu alikuwa kati ya waliobeba jeneza.

Mwezi uliopita sehemu ya kwanza ya jengo jipya la televisheni ilikamilika. Waliniita, mimi mtangazaji wa zamani, nijaribu kiti na kamera. Chumba kilinukia rangi. Kijana anayeongoza matangazo alifunga mlango mzito, na mara nikasikia tena pumzi za yule askari.

"Fungua mlango, mwanangu."

"Mama, makelele ya pikipiki itaingia."

"Acha iingie."

Alinitazama kidogo, kisha akaufungua na kuuzuia kwa tofali. Nikaanza kusoma.