Jiwe la Mlangoni

Krrr, jiwe likiburutwa juu ya saruji: ndiyo sauti inayomjia binti kila amkumbukapo mjomba wake, mzee aliyetembeza wageni katika gereza la wakoloni, lile lile alilofungiwa enzi za kupigania uhuru. Kabla ya kufungua mdomo alilisukuma jiwe kwa mguu mpaka likashikilia mlango wa seli, kisha akalipiga teke kulijaribu, ingawa kitasa kiling'olewa zamani. Alisimulia akiwa kizingitini, mikono nyuma, sauti laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto. Wageni wakimwita ndani, alicheka. "Ingieni nyinyi. Mimi nimekaa humo mpaka kuta zikanichoka."

Siku moja binti akamvuta ndani apate kumpiga picha. "Mjomba, simba wa uhuru mzima, unaogopa chumba kitupu?" Akaingia shingo upande. Binti akatoka, na kwa mzaha akaliondoa jiwe, akausukuma mlango ukajifunga. Akangoja makelele, au walau yale matusi yake ya utani. Kimya. Kimya kile kikamsimamisha nywele, akauvuta mlango kwa pupa. Mjomba alikuwa ameuelekea ukuta, viganja kichwani, shati limeganda mgongoni kwa jasho.

"Mjomba, nilikuwa nakutania tu! Tazama, mlango uko wazi!"

Hakutazama. Alisema kwa sauti ndogo mno, "Afande, naomba ruhusa nigeuke."