Sisi Hatupendi Uchungu

Juzi binti yangu alirudi kutoka shuleni na viatu vilivyolowa chapachapa. Nikavijaza magazeti ya zamani, nikaviweka karibu na jiko, nikaendelea na kupika. Baada ya muda ile harufu ikanifikia, harufu ya wino na karatasi inayokauka polepole kwenye joto, na nikasimama na mwiko mkononi bila kukumbuka nilikuwa nakoroga nini. Kwangu mimi hiyo ni harufu ya jikoni kwa cucu, yaani nyanya yangu mzaa baba, kule juu ya Kianjokoma ambako mashamba ya majani chai yanaishia na msitu unaanza. Nilikaa huko mwezi mmoja wa Agosti nilipokuwa na miaka tisa, na sijawahi kujisikia nimebanwa hivyo tena, hata siku za uchungu wa kuzaa.

Niwaeleze kwanza habari za jina. Kwetu Embu msichana wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba, nami nikaitwa Rwamba kama cucu. Wenye majina ya aina hiyo mnajua raha zake. Baba akifurahi aliniita mama, na nikikosea mkono wake ulikuwa mzito kuinuka. Sikuwa na malalamiko yoyote mpaka guka, mume wa cucu, alipofariki, na wakubwa wakaketi na kuamua kwamba cucu hawezi kulala peke yake katika nyumba ile. Nani atakwenda kukaa na Rwamba? Rwamba. Shule zilipofungwa nikatolewa kwetu mtaa wa Dallas, mjini Embu, nikaambiwa ni likizo tu.

Cucu alikuwa mdogo wa umbo, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto, na alinipenda kupita kiasi. Taabu ni kwamba kwake mimi sikuwa mtu mwingine. Siku ya kwanza alinipeleka kwenye kituo cha kuuzia majani chai, akawaambia wanawake waliokuwa kwenye foleni na vikapu vyao mgongoni, "Huyu ni mimi." Wakacheka, na mimi nikacheka. Siku zilizofuata niligundua kwamba hakuwa anafanya mzaha.

"Sisi hatutii sukari nyingi," alimwambia jirani aliyetaka kuniongezea kijiko. Mimi ambaye kwetu nilikuwa nikilamba sukari kwenye kiganja. "Sisi tunaogopa mbwa." Nilikuwa naomba mbwa tangu nijue kuongea. Baba akipiga simu, cucu aliikamata kwa mikono miwili, akapaza sauti kana kwamba Embu ni ng'ambo ya bahari: "Sisi tuko sawa! Hatujakosa kitu!" Kisha akaikata kabla sijafungua mdomo, kwa sababu maneno yetu yalikuwa yamekwisha.

Tulilala kitanda kimoja, mimi upande wa ukutani. Nikitaka kutoka ilibidi nimruke, na hakuna mtoto aliyewahi kumruka cucu akafika sakafuni. Mchana alikaa jikoni na mlango umefungwa kuzuia baridi, moto wake mdogo wa vijiti ukitoa moshi mwingi kuliko joto, na mkono wake umeshika pindo la sketi yangu. Agosti kule juu ni mwezi wa ukungu. Unaamka haupo mlima, haupo msitu, hata choo hukioni. Kuna mvua nyembamba isiyonyesha wala kuacha. Nilikuwa natazama ule weupe kupitia ufa wa mlango na kufikiria Dallas, wenzangu wanaruka kamba barabarani, na moyo ulikuwa unaniuma kweli.

Halafu kulikuwa na sweta. Ilitokea siku moja kwenye msumari juu ya kitanda, sweta ya kijani mpya, ya shule ya msingi iliyokuwa pale chini ya kilima. Shule yangu ya mjini ilivaa nyekundu.

"Hii ni ya nani, cucu?"

"Ni yetu," alisema. "Shule zikifunguliwa tutaanza hapo karibu. Nimeshaongea na mwalimu."

Hakuna aliyeniuliza. Baba hangeweza kumkatalia mamake, hasa wakati ule wa msiba, na mimi nilijua. Nikalala nikiitazama ile sweta, na mikono yake ilinining'inia juu ya uso.

Ndipo akaja Tata Wawira, dada mdogo wa baba, na gari lake dogo la kuazima lililojaa matope. Tata alikuwa anasomea mimea chuo kikuu na alikuwa ametumwa kukusanya maua ya ukoo mmoja, ukoo wa jentiani, yanayoota pale kwenye ukingo wa msitu. Alibeba mbao mbili za kubania mimea, zenye mikanda, na furushi la magazeti. Kila jioni alipanga majani na maua katikati ya magazeti, akayakaza, akayaegemeza karibu na moto yakauke. Cucu alimtazama binti yake aliyesomeshwa kwa pesa za majani chai akianika nyasi, akatikisa kichwa.

"Sisi hatukujua hizo ndizo digirii," aliniambia.

Kwa kuwa Tata alihitaji mtu wa kumshikia vitu, cucu aliniachilia niende naye, shingo upande. Na huko kwenye majani yaliyolowa nikafundishwa jambo la kwanza maishani lililonifurahisha bila kulazimishwa. Tata alinionyesha ua dogo la njano kando ya kijito, fupi kuliko kidole changu. Tazama majani, alisema, yanatoka mawili mawili, yanatazamana, na kule chini yanakaribia kushikana. Tazama kichipukizi cha ua kabla hakijafunguka, petali zimesokotana kama nguo inayokamuliwa. Petali zenyewe zimeungana chini zikafanya kikombe, na ndani, nyuzi zenye chavua zina idadi sawa na ncha za petali, kila moja imesimama kwenye nafasi kati ya petali mbili. Halafu akachuma jani la mmea mwingine wa ukoo huo huo, akaniambia nitafune.

Mama yangu! Ulikuwa uchungu wa kukunja ulimi. Tata akacheka, akasema huo uchungu ndio unaowatambulisha, ukoo mzima umejaa uchungu, na duniani kote watu huchemsha mizizi yao kutibu tumbo. Jioni nilimweleza cucu.

"Tema," alisema. "Sisi hatupendi uchungu."

Nilikuwa nimebaki na kipande mfukoni. Nikakitia mdomoni, nikatafuna mbele yake, nikameza. Machozi yalinitoka, lakini sikukunja uso. Cucu akarudi kwenye viazi vyake.

Kesho yake Tata alinipeleka bondeni kwenye mti mmoja wa majani makubwa, mrefu kuliko nyumba, wenye majani ambayo mtoto angeweza kujifunika mvua. Akaniambia na huu ni wa ukoo wa lile ua la njano. Nilidhani ananichezea. Akaokota kichipukizi kilichoanguka, cheupe, kinene, akanipa, na kwa macho yangu nikaona zile petali zimesokotana vilevile. Majani nayo yalikuwa yanatazamana mawili mawili.

"Kwa hivyo huu ndio cucu wa lile dogo?"

"Hapana. Hakuna cucu hapo. Ni wa ukoo mmoja tu, lakini kila mmoja ni kivyake. Huwezi ukachukua jina la huu ukapatia ule."

Sijui kama alijua alikuwa anaongea na nani. Mimi nilirudi nyumbani nikiyarudia hayo maneno kichwani njia nzima.

Sasa, kulikuwa na ua moja Tata alilolitafuta kuliko yote, aina ya swertia, nyeupe yenye mishipa ya zambarau. Tulilipata kwenye kinamasi juu ya shamba la jirani, likiwa limejaa tele, na yote yamefungwa. Maua yale yanajifungua kwa jua na joto. Ukungu ukishuka yanajisokota tena na kukaa hivyo, hata wiki. Tata alihitaji kuliona ndani, kwa kuwa chini ya kila petali kuna vishimo vya asali vyenye vinyweleo, na hivyo ndivyo vinavyotofautisha aina moja na nyingine.

"Ukilifungua kwa nguvu linachanika," alilalamika jioni, viatu vyake vikitoa mvuke. "Na picha ya ua lililofungwa ni kama picha ya mtu amejifunika blanketi. Hii kitu ikifunguka tu, mimi nimemaliza. Nawasha gari naenda."

Nilisikia hilo neno la gari vizuri sana. Sweta ilikuwa kwenye msumari, shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na njia pekee ya kutoka pale ilikuwa inangojea ua lifunguke. Kila asubuhi nilikimbia kwenye ufa wa mlango kutafuta jua. Kila asubuhi ni ule weupe tu. Nilianza kulichukia lile ua kama mtu.

Asubuhi moja Tata alisema twende tukakate tawi la ule mti mkubwa. Nilichelewa kidogo makusudi. Nilikuwa nimechuma swertia mbili tatu jana yake, nikazitia kwenye kikombe cha bati chenye maji. Nikaweka kikombe juu ya kigoda karibu na meko. Cucu alikuwa ameshafunika makaa kwa majivu, kama alivyofanya kila mara baada ya chai, maana kuni kwake zilikuwa kitu cha kuhesabiwa.

"Unafanya nini?"

"Nalipasha joto, cucu. Lifunguke, Tata aende."

"Na sisi?"

Nilitazama kikombe, nikasema, "Mimi nitaenda naye."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia neno hilo peke yake, mimi. Nilingoja anigombeze, au acheke, au anishike sketi. Hakufanya lolote. Tata akaniita nje, nikatoka mbio.

Tuliporudi, ukungu ulikuwa bado umekaa hadi mlangoni. Lakini mlango wa jikoni ulikuwa wazi kabisa, baridi yote ikiingia pamoja na mwanga, na ndani moto ulikuwa unawaka hadi kuangaza masizi ya darini. Ziliwaka kuni nzito, nyekundu ndani, zilizopasuliwa sawasawa. Kigoda kilikuwa kimesogezwa kikawekwa kati ya moto na mlango. Na kwenye kikombe maua yalikuwa yamefunguka yote, nyota nyeupe, kila moja na mishipa yake ya zambarau.

Tata alitupa tawi chini. Alipiga picha, akapima, akaniita nitazame kwa kioo chake cha kukuza, nami nikaona vile vishimo viwili chini ya petali, vimezungukwa na vinyweleo kama kope za macho. Mimi nilikuwa narukaruka. Nilimwambia ni mimi nimelifungua, ni mimi nimelidanganya likadhani ni jua. Cucu alikuwa ameketi pembeni, macho mekundu, nikadhani ni moshi.

Tata alipokuwa anapakia mbao zake garini, cucu aliingia ndani na kurudi na nguo zangu zimekunjwa. Sweta ya kijani haikuwamo.

"Mpeleke kwa babake," alimwambia Tata. Kisha akanigeukia, akanifunga vifungo vya koti hadi shingoni. "Wewe nenda," alisema.

Nikaenda. Sikutazama nyuma, maana nilikuwa nashikilia kikombe kisimwagike.

Miaka mingi nilikuwa nikikisimulia hicho kisa kwenye harusi na kwenye matanga, jinsi mtoto wa miaka tisa alivyolidanganya ua, na watu wakafurahi. Cucu akiwapo alisikiliza bila kusema kitu. Alikuwa ameshazikwa siku niliyomsimulia mume wangu mbele ya Tata. Tata alicheka mpaka nusu, akanigeukia.

"Ulilidanganya na nini wewe? Uliacha makaa yamefunikwa."

"Si kulikuwa na moto mkubwa?"

"Zile zilikuwa kuni za baba, guka yako," akasema Tata. "Alizipasua mwenyewe kabla hajaugua, akazipanga chini ya paa. Mama alikuwa amekataza mtu yeyote asiziguse. Hata siku ya mazishi tuliazima kuni kwa jirani."

Nilikuwa nimemweleza cucu mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba ua likifunguka nitamwacha. Alinielewa vizuri. Akaenda chini ya paa, akabeba zile kuni moja moja, akawasha, akafungua mlango, akasogeza kigoda, akaketi kungoja. Tulikuwa tumekaa bondeni asubuhi nzima, na asubuhi nzima hakuacha moto upungue. Usiku ule, mimi nikiwa Dallas nawaonyesha watu maua yangu, alilala peke yake katika nyumba ile.